Baa aliyofanyia kazi baba: nitaitafutaje katika Magomeni ya leo?

Swali: Shikamoo Mzee. Marehemu baba alifanya kazi kaunta katika baa moja ya Magomeni kabla sijazaliwa, ila hakuwahi kutusimulia. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake tukakuta picha: yuko nyuma ya kaunta, chupa mbele yake, na ukutani kuna maandishi yaliyokatwa na ukingo wa picha, zimebaki herufi tatu tu, BAR. Nimekwenda Magomeni mara nne. Mzee mmoja anaiita baa hiyo kwa jina la ndege, mwingine kwa jina la mji wa Kongo, wa tatu anasema hayo yote hayajui, pale palikuwa "kwa yule Mchaga". Kila mmoja ananionyesha mahali pake. Shangazi naye ananiambia niache, eti baa si kitu cha kumtafutia marehemu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni na msiba.

Kabla hujaamua kwamba wale wazee wamesahau, fikiria kwanza kwamba huenda wote watatu wanasema kweli. Nimefuatilia baa na kumbi za dansi za Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kosa lililonipotezea muda kuliko yote ni kudhani baa ni kitu kimoja. Kuna jengo, kuna jina, na kuna mwenye leseni. Vitatu hivyo huanza siku moja lakini havifi siku moja. Mwenye baa akikosana na mwenye nyumba hubeba ubao wake na friji lake akahamia mtaa wa pili na jina lilelile. Alikotoka anaingia mpangaji mwingine, anapaka rangi, anaandika jina jipya ukutani, na wateja wa zamani wanaendelea kupaita kwa jina la yule aliyeondoka. Sasa wewe unakuja miaka 40 baadaye unauliza, "Baa fulani ilikuwa wapi?" Mmoja anakuonyesha jengo la kwanza, wa pili anakuonyesha la tatu, na hakuna aliyekudanganya.

Nenda mjini kati uyaone haya kwa macho. Hoteli ya New Africa ilianza kama Kaiserhof ya Wajerumani mwaka 1906. Waingereza walipochukua nchi ikapata jina la New Africa, na jina hilo lipo mpaka leo, lakini jengo lile la Kijerumani lilishabomolewa na hoteli unayoiona ni jengo jingine kabisa. Jina limeishi, kuta zimekufa. Tembea mpaka Kivukoni, utaona kinyume chake. Jengo la Mahakama ya Rufani lilikuwa Dar es Salaam Club, klabu ya Wazungu, kisha likawa Hoteli ya Forodhani. Pale walipokaa maofisa wa kikoloni jioni na glasi zao, leo wanasheria wanapanga majalada. Kuta zimeishi, jina limekufa. Na Samora pana ghorofa linaloitwa Salamander Tower. Vijana wengi wanaopita chini yake hawajui kwamba Salamander ilikuwa mahali pa watu kukaa, kunywa na kuzungumza, na kwamba jengo la zamani liliondoka likaacha jina tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Mlimani Park. Hii ilikuwa baa karibu na Chuo Kikuu. Mwaka 1978 ilianzishwa bendi ya kupiga pale, chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, ikachukua jina la baa: Mlimani Park Orchestra, ndiyo Sikinde. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ikazidi kupiga katika kumbi za shirika hilo. Jina la baa likawa linatembea mjini juu ya ngoma na spika. Leo ukimwambia mtu wa Dar "Mlimani Park", anasikia magitaa na tarumbeta kwanza. Baa yenyewe, viti vyake na bustani yake, inabidi umweleze.

Rudi sasa kwa wazee wako. Jina la ndege lina harufu ya jina la ubaoni, lile lililoandikwa kwenye leseni. Jina la mji wa Kongo linanifanya niwaze bendi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 70 wanamuziki kutoka Zaire waliingia Dar kwa wingi. Maquis du Zaire, kwa mfano, walifika 1972, wakapiga White House kule Ubungo na baadaye Lang'ata, Kinondoni. Ilitosha baa kumpata mpiga solo mmoja kutoka huko, watu wakaibatiza upya. Na "kwa yule Mchaga" ni jina la mwenye mali, ambalo kwa watu wa mtaa ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu ndiye aliyekuwa anawakopesha. Kwa hiyo usiwaulize tena "Ilikuwa inaitwaje?" Waulize: "Wakati inaitwa hivyo, mwenyewe alikuwa nani? Na kabla yake?" Utashangaa jinsi majina matatu yatakavyoanza kupangana kwenye mstari mmoja.

Tahadhari moja kuhusu Magomeni hasa. Pana ukumbi mkubwa uliomeza kumbukumbu za jirani zake wote, nao ni DDC Magomeni Kondoa. Mtu aliyekunywa bia katika vibaa vitano tofauti vya mitaa ile, akizeeka, vyote vitano huungana vikawa "DDC". Akikwambia baba yako alikuwa DDC, mshukuru, halafu muulize kaunta ilikuwa upande gani ukiingia, na choo mlitoka nje au kilikuwa ndani. Vibaa vingi vya Magomeni vilikuwa nyumba za Kiswahili zilizogeuzwa: chumba cha mbele kaunta, ukumbi wa katikati meza, uani jiko la nyama na choo. Aliyekuwa anapita ukumbini kwenda uani hawezi kuichanganya na DDC ukimkumbusha njia hiyo.

Sasa hiyo picha. Itazame kwa kioo cha kukuzia kabla hujaionyesha kwa mtu mwingine, maana ukishaambiwa cha kuona utakiona hata kama hakipo. Anza na chupa. Bia ya Safari iliingia sokoni 1977, kwa hiyo lebo hiyo ikionekana, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kama rafu nyuma ya baba ni tupu au zimepangwa soda na chupa za pombe kali mbili tatu, usidhani baa ilikuwa inafilisika. Baada ya vita vya Kagera bidhaa zilipungua nchi nzima, na miaka ya mwanzo ya 80 bia ilikuwa ya mgao. Mwenye baa alipata kreti zake chache, zikaisha kabla ya isha, na mtu wa kaunta ndiye aliyejua nani amefichiwa mbili chini ya meza. Kama baba yako alishika kaunta miaka hiyo, basi alikuwa mtu mkubwa mtaani kuliko unavyodhani.

Halafu tazama nguo. Suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vinakuweka katika miaka ya 70, ingawa kwa nguo uwe na kiasi: suruali nzuri mtu aliivaa miaka kumi. Kama kuna ngoma kubwa ya bendi nyuma, soma maandishi yake, hiyo ni kalenda. Bendi ya wafanyakazi iliyoanzishwa 1964 iliitwa NUTA Jazz. Chama cha wafanyakazi kilipogeuka mwishoni mwa miaka ya 70 ikawa JUWATA. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ikawa OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma. Watu walewale, magitaa yaleyale, lakini jina la kwenye ngoma linakupa muongo wako bila kubahatisha. Geuza picha nyuma pia. Studio nyingi ziligonga muhuri wenye sanduku la posta na mtaa, na mpiga picha wa baa mara nyingi alikuwa wa jirani.

Kuhusu mitaa: ukikuta anwani ya zamani, usiitafute kwenye simu yako. Uhuru iliitwa Kichwele. Samora ilikuwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road. Nimewahi kupoteza wiki nzima nikisaka mtaa ambao nilikuwa naukanyaga kila siku nikienda kupanda basi.

Ukishapata muongo, ndipo uende kwenye karatasi, na nakushauri uanze na magazeti. Kumbi na baa zilitangaza dansi: bendi gani, siku gani, kiingilio kiasi gani. Gazeti la Ngurumo lilitoka tangu 1959 hadi 1976, nalo lilikuwa gazeti la watu wa mitaa kama ya Magomeni kuliko yale ya Kiingereza. Baada yake tafuta Uhuru na Mzalendo, na kurasa za mwisho wa wiki za Daily News na Sunday News. Utayapata Nyaraka za Taifa kule Upanga, na katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Omba matoleo ya Ijumaa na Jumamosi tu, usisome wiki nzima, utachoka kabla ya kufika Pasaka. Ila ujue kibaa kisicho na bendi hakikutangaza. Kama cha baba yako kilikuwa na santuri na spika moja mlangoni, gazetini hukikuti.

Hapo inabaki leseni, nayo ni kazi ya subira. Chini ya sheria ya vileo ya 1968, leseni zilitolewa na mamlaka za hapohapo mahali, kwa vipindi vifupi vya miezi sita sita. Maana yake baa iliyodumu miaka kumi iliacha alama mara ishirini kwenye vitabu vya serikali, kila mara ikiwa na jina la mwombaji na mahali. Ugumu ni kujua vitabu vyenyewe vimelala wapi. Serikali za mitaa zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 70, kazi zikaenda mkoani na wilayani, kisha halmashauri za miji zikarudishwa 1978 na mfumo mzima 1984. Mwaka 1996 jiji likawekwa chini ya Tume, mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu, baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na 2021 Ilala ikawa ndiyo Jiji. Kila mageuzi yalihamisha makabati. Magomeni una nafuu kwa sababu ilibaki Kinondoni muda wote huo. Ingekuwa Manzese au Kimara ningekwambia uanzie Ubungo halafu urudi nyuma. Ukifika masijala usiseme unatafuta historia ya baa, utaambiwa urudi kesho mpaka uchoke. Nenda na barua, na uwe na jina la mmiliki. Ndiyo maana "yule Mchaga" ni wa thamani kuliko jina la ndege. Mtafutie jina lake kamili.

Huenda unajiuliza pia kwa nini hakuna kilichobaki. Sababu ziko nyingi na hazikuja kwa pamoja. Mjini kati na Upanga, majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa 1971 yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na wapangaji wakabadilika. Magomeni hilo halikuwagusa sana. Kilichowagusa ni ukata wa bia niliokutajia, kisha miaka ya 90, pale mashirika ya umma yaliyolea bendi yalipopunguza watu au kuuzwa, disko likashamiri, na kuanzia 1994 televisheni za watu binafsi zikampa mtu sababu ya kubaki sebuleni. Kumbi nyingi zilikodishwa kwa harusi, nyingine kwa makanisa ya kiroho. Spika zilezile, ujumbe mwingine. Unywaji wenyewe haukufa, ulihamia Sinza na Kijitonyama kwenye baa za bustani zenye nyama choma, na kwenye grosari za vichochoroni zenye viti sita vya plastiki. Halafu ikaja barabara. Ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi ulioanza 2012 uliibadilisha sura yote ya Morogoro Road pale Magomeni. Kama kibaa chenu kilikuwa mbele barabarani, huenda kiwanja chake leo ni lami.

Lakini usikate tamaa kwa kuona duka. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinipeleka kwenye ukumbi aliocheza ujanani. Tukakuta duka la vigae na masinki ya vyoo. Mwenye duka alituambia pale hapajawahi kuwa ukumbi wa muziki. Mzee hakumjibu. Alitembea mpaka mwisho wa duka, akapanda ngazi moja, akageuka akatutazama kutoka juu. Sakafu ya nyuma ilikuwa imeinuka kama futi moja na nusu, na masinki meupe yamepangwa juu yake kwa safu. "Hili jukwaa," akasema. Kisha akasogeza boksi kwa mguu, chini yake ikaonekana saruji nyekundu, laini kama sabuni, iliyosuguliwa na viatu vya watu. Mwenye duka alikuwa ameshangaa miaka yote kwa nini sakafu yake ina pandio. Kwa hiyo ingia dukani. Tazama sakafu, tazama madirisha yaliyozibwa kwa tofali, uliza kwa nini chumba cha pembeni kina tundu dogo ukutani usawa wa kifua. Matundu kama hayo yalikuwa ya kukatia tiketi.

Nije kwa shangazi. Usimpuuze, na usibishane naye. Kwa watu wengi wa rika lake, hasa katika familia za dini, kufanya kazi baa ilikuwa aibu iliyosetiriwa, na inawezekana baba yako alinyamaza kwa ajili yao na si kwa ajili yake. Mwambie hutafuti ulevi wake, unatafuta kazi yake. Mtu wa kaunta alikuwa mtunza hesabu: alihesabu chupa zilizoingia na zilizorudi tupu, na upungufu ulikatwa kwenye mshahara wake. Ukimweleza hivyo, huenda yeye mwenyewe akakwambia baba alikuwa anarudi saa ngapi na alipita njia ipi, na hiyo njia ni ramani.

Na hapo nafika kwa mashahidi ninaowaamini kuliko wote, ambao watafiti wengi huwaruka: wahudumu wa zamani, wale akina mama tuliowaita baamedi. Mteja anakumbuka usiku mmoja mzuri na anauzidisha. Mhudumu alikuwa timamu, alikuwepo kila siku, na alijua nani anadaiwa. Tatizo ni kwamba wengi sasa ni bibi za watu, wana wajukuu, na hawataki mtu aje mlangoni kutaja kazi ile. Usiulize mtaani "Nani alikuwa baamedi hapa?" Utamvunjia mtu heshima mbele ya wakwe. Sema unatafuta waliofanya kazi na baba yako, utaje jina lake, uache namba, uondoke. Anayetaka atapiga. Kumbuka pia wengi wametawanyika: nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa na wakazi wakakaa nje miaka mingi kabla ya maghorofa mapya kuzinduliwa 2022. Shahidi wako wa Magomeni anaweza kuwa Mbagala au Chanika.

Ukikutana na yeyote, usimuulize mwaka. Hakuna anayekumbuka mwaka. Muulize ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada, bendi gani ilipiga sikukuu ile, Mwalimu alikuwa bado madarakani au ameshamwachia Mzee Mwinyi.

Kwa kuanzia, kama muda wako ni wa Jumapili tu, ningefanya hivi. Uliza Sikinde au Msondo wanapiga wapi wikiendi hii, bado wanapiga, na mashabiki wao wa zamani hufika mapema na kukaa meza zilezile karibu na jukwaa. Nenda jioni kabla muziki haujaanza, maana ukishaanza hakuna atakayekusikia. Msalimie kila mzee kwa zamu, agiza soda, kaa. Chukua picha yenyewe ya karatasi, usiwaonyeshe ya kwenye simu. Simu mzee ataitazama kwa adabu akurudishie. Karatasi ataigeuza nyuma, ataisogeza kwenye taa, atamwita mwenzake wa meza ya pili. Itie kwenye mfuko wa nailoni, meza za pale huwa na maji.